Swali Moja Latosha

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Nami naongeza kwamba kuuliza vibaya ni hasara, hasa anayeulizwa akiwa tarakilishi.

Mwaka wa 1970, Edgar F. Codd wa kampuni ya IBM alipendekeza data ipangwe katika majedwali yanayohusiana, ili mtu aweze kuuliza lolote. Ajabu ni kwamba sisi wanafunzi bado tunaandika swali la bweni la kwanza, halafu jingine la bweni la pili, mpaka yanajaa skrini. Jina la safu likibadilika, yote hayana budi kurekebishwa. Jamani, huku si kutwanga maji kwenye kinu?

Kwa maoni yangu, swali zuri ni lile linaloacha pengo. Mathalani, katika Microsoft Access, usiandike jina la bweni kwenye mstari wa vigezo. Andika hivi:

[Bweni gani?] Or [Bweni gani?] Is Null

Basi! Programu itakuuliza bweni kila unapoiendesha. Ukijibu, utapata wa bweni hilo. Ukiacha wazi, utapata wanafunzi wote. Swali moja, kazi nyingi.

Kuna wenzangu wanaopenda njia ya mkato ya nyota: Like [Bweni gani?] & "*". Ati nayo huleta wote ukiacha wazi. Thubutu! Huwaacha nje wale ambao safu yao ya bweni haikujazwa. Kwa tarakilishi, pahali patupu si sifuri wala si neno. Ni jambo lisilojulikana, na lisilojulikana halifanani na chochote, hata nyota.

Je, ni akina nani hao? Ni wanafunzi wa kutwa, ambao hawana bweni. Hebu fikiria orodha hiyo ikiwa ni ya basari. Mtoto wa watu atakosa karo, na hakuna atakayejua, kwani tarakilishi haitapiga kelele kwamba kuna kosa.

Kwa hivyo nawasihi walimu wetu wasitupe alama kwa sababu tu orodha imetokea. Watudai tuhesabu: jedwali lina wangapi, na swali limeleta wangapi? Nasi wanafunzi tuzoee kuhesabu hata bila kudaiwa. Asiyeonekana kwenye orodha hawezi kujitetea.