Bundi katua kwetu, macho yote kwa bibi!

Wale wa Kirumba, Igoma na Nyegezi, na ninyi mlio mbali mnaosoma gazeti la kuazima, wote nawasalimu. Wiki iliyopita niliwaahidi mada ya vijana wanaokwenda harusini na suti za kukodi halafu wanagoma kukaa wasije wakazikunja. Mtanisamehe, mada hiyo ikae kiporo. Nyumbani kwetu kumezuka kasheshe, na leo naanza kwa kucheka lakini sina uhakika kama nitamaliza hivyo.

Kwanza mjue ninapokaa. Sisi ni watu wa Bugarika, kule mlimani. Walioiita Mwanza Jiji la Miamba hawakukosea. Nyumba yetu imeegemea jiwe kubwa kama mlevi aliyeegemea nguzo ya umeme. Kwa hiyo wageni wasiopiga hodi tumewazoea.

Wa kwanza ni pimbi. Mjini ukimwita mtu pimbi, jiandae kukunjana mashati. Lakini pimbi mwenyewe ni mstaarabu. Asubuhi familia nzima inapanda juu ya jiwe kuota jua, kimya, kama wazee wanaosubiri kahawa. Nyayo zake zina unyevunyevu unaomsaidia kushika, ndiyo maana anapanda mwamba bila kuteleza. Na wataalamu wanasema tembo ni ndugu yake wa karibu! Mdogo wangu alipofundishwa hayo shuleni, alikuja kumchungulia pimbi aliyekuwa anafyeka mchicha wa maza, akasema: "Mkonga hana, ila kwa kula ni tembo kweli."

Wa pili ni kenge, mwizi wa mayai. Wenyewe husema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Huyu wetu hana habari na mamba, yeye anafuata msafara wa kuku. Siku anapoonekana, mzee anatoka na ufagio, maza anatoka na mwiko, mimi natoka nduki.

Wa tatu ni yule mjusi kafiri wa mawe, dume lake lina kichwa chekundu na mwili wa buluu. Watoto wa siku hizi wanamwita Spider-Man. Tangu mwaka 1923 wanasayansi wamemwandika vitabuni kwa jina la Agama mwanzae, yaani jina la mji wetu limo humo. Mimi nimezaliwa hapa na hakuna kitabu kinachonitaja.

Tumbili nao hupita mara mojamoja kukagua mapapai. Ndugu zao wa kisiwa cha Saanane wanaishi kwenye hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013. Hawa wetu hawana hata chumba cha kupanga, sasa wafanyeje?

Hao wote wakija tunacheka, tunarusha kandambili, maisha yanaendelea. Majirani nao wanacheka. Hakuna hata mmoja anayeuliza wametumwa na nani.

Sasa sikilizeni.

Mwezi uliopita bibi yangu, mama yake mzee, aliletwa kutoka Misungwi kuja kutibiwa macho. Alikuja na ba'mdogo, pamoja na magunia matatu ya mahindi. Magunia tukayapanga stoo, nyuma ya jiko. Bibi akapewa chumba cha uani, chenye dirisha linaloangalia mwembe. Kila asubuhi nampigia shikamoo, ananijibu marahaba, kisha anadai nimekonda kwa sababu mjini tunakula chakula kama dawa.

Wiki ya pili, usiku wa manane, nilitoka kwenda chooni. Choo chetu kiko nje. Nikasikia mlio juu ya mwembe, kama mtu anayekabwa koo. Nikainua tochi. Uso mweupe kama sahani, macho meusi, unanitazama mimi tu. Bundi! Jamani, sitawaficha, safari ya chooni ilikwishia njiani.

Usiku wa pili akaja tena. Wa tatu pia. Siku ya nne maza alirudi kutoka bombani na ndoo nusu, uso umemshuka. Kule foleni ya maji watu walikuwa wameshapiga hesabu zao. Bundi hatui bure, walisema. Ameanza lini? Tangu yule ajuza aje. Na macho yake mmeyaona? Mekundu kama pilipili.

Ninyi mliokulia mbali na huku mtasema hayo ni maneno tu ya bombani. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua yanapoishia. Huku fisi akipita karibu na mji wa mtu, wapo wanaoapa kwamba mchawi kampanda kama baiskeli. Bundi akitua, wanaulizia kifo cha nani. Na kikongwe mwenye macho mekundu, hata kesi hasomewi. Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukumani, huku kwetu. Baada ya miaka hiyo pia mapanga hayakulala. Hao walikuwa bibi za watu, walidai marahaba kama huyu wangu.

Na hayo macho mekundu yanatoka wapi? Bibi amepika zaidi ya miaka hamsini katika jiko lisilo na dirisha. Vijiji vingi vya Usukumani kuni ni za shida, watu wanapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Kaeni nusu saa tu kwenye moshi ule muone kama macho yenu yatabaki meupe. Daktari alipomwangalia alimuuliza swali moja la kwanza: "Mama, unapikia nini?"

Usiku wa tano tulisikia kishindo. Tukadhani mtu kamtupia bundi jiwe. Tulipotoka na taa, mtini hapakuwa na alama yoyote. Jiwe lilikuwa limepasua kioo cha dirisha la bibi na kuanguka kando ya kitanda chake.

Asubuhi nikamkuta anakunja kanga zake mbili na kuzitia kwenye mfuko. "Nirudisheni nyumbani," akasema. "Msije mkapata taabu kwa ajili yangu." Macho hayajapona, dawa bado ya wiki mbili. Na huko anakotaka kurudi anakaa peke yake. Mzee alikaa mlangoni, hakusema kitu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mzee wangu anakosa la kusema.

Mimi shule niliishia kidato cha nne, na Bayolojia sikufanya maajabu. Ila kitu kimoja nilikikumbuka: bundi hatafuni. Panya anammeza mzimamzima, kisha manyoya na mifupa anavitapika vikiwa vitonge. Nikaenda chini ya mwembe. Vilikuwapo, vyeusi, ukubwa wa kidole gumba, kumi na moja kwa hesabu. Nikavipasua kwa njiti: mafuvu madogo, meno marefu ya mbele, mikia.

Nikaenda stoo, nikavuta gunia la kwanza ukutani. Jamani! Panya walitoka utadhani mkutano wa hadhara umepigwa mabomu ya machozi. Gunia la chini lilikuwa limetobolewa, nusu ya mahindi yamegeuka unga.

Hapo ndipo nilipompata aliyemwita bundi. Si bibi, ni mahindi. Mahindi yamewaita panya, panya wamemwita bundi. Kenge akija hatuulizi katumwa na nani, tunajua kafuata mayai. Kwa nini bundi peke yake tumtafutie aliyemtuma?

Mzee akamwita mwenyekiti wa mtaa. Mafuvu tukayapanga kwenye sinia, na maza mwenyewe ndiye aliyelibeba mpaka bombani. Wengine waliziba pua. Wengine walicheka, na kijana mmoja akaomba bundi ahamishiwe kwao maana panya wamekula mpaka soksi zake. Mwenyekiti alilishika lile jiwe mkononi, akasema atakayerusha la pili atakwenda kueleza polisi, si kwake. Wapo waliokinga maji yao wakaondoka bila kusema neno. Nao niliwaona.

Kwa hiyo sitawadanganya kwamba mambo yote yamekuwa poa. Kioo tumeweka kipya, na mzee kaongeza nondo. Mimi nimehamishia godoro langu chumbani kwa bibi mpaka dawa ziishe. Mahindi tumeyaanika, tumeyachagua, tumeyatia kwenye mapipa yenye mifuniko. Panya wakiisha, bundi atajiondokea mwenyewe, hakuna haja ya mganga.

Washikaji, wengi wetu tuna bibi kijijini, na wengi tumewahi kukaa kijiweni tukacheka habari za ajuza na bundi. Mimi pia nilicheka. Safari nyingine mnyama akitua kwenu, kabla hujauliza katumwa na nani, uliza kwanza kaja kula nini. Na mwenzako akianza kutaja macho mekundu, usicheke naye.

Jana usiku alilia tena juu ya mwembe. Nikashtuka, nikamwangalia bibi. Alikuwa macho, kajifunika kanga mpaka kidevuni.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "mgeni wenu kaja kula. Lala."

Tukutane wiki ijayo. Mada ya suti bado ninayo.