Abonema kubwa, kable ya zamani: spidi inabaki ndani ya ukuta

Lubumbashi. – Mtu analipa abonema ya intaneti kubwa zaidi, anaongeza dola juu ya zile alikuwa anatoa, mwezi unaisha, na ordinateri yake ingali inaonyesha vilevile: megabiti 94, haipandi. Anaita kampuni, wanamwambia kwao kila kitu kiko sawa. Mara nyingi ni kweli. Shida inalala ndani ya ukuta wake mwenyewe.

Namba hiyo 94 haitoki hewani. Kable ya mtandao iko na nyaya 8, zimesokotwa mbilimbili. Mfumo wa zamani, ule wa megabiti 100, unatumia nyaya 4 tu, na kazi yenyewe inatoka karibu 94. Gigabiti 1, ni kusema megabiti 1000, inahitaji nyaya zote 8. Sasa kuna mafundi ambao walikuwa wanagawanya kable: nyaya 4 kwa mashine ya baba, 4 zingine kwa mashine ya watoto, kusudi wasinunue kable mbili. Siwalaumu, ilikuwa akili wakati ule. Lakini nyumba ya namna hiyo haitapita megabiti 100 hata ulipe nini. Waya mmoja ukifungwa vibaya kwenye kichwa cha kable, ni mambo yaleyale. Na swichi za bei ya chini, nyingi zimeandikwa 10/100. Hiyo ndiyo mwisho wake.

Kable yenyewe je? Ile imeandikwa Cat5e inatosha kwa gigabiti 1 mpaka metre 100, na tangu 2016 kuna kanuni ya gigabiti 2,5 kwenye kable hiyohiyo. Kwa hiyo fundi anayesema lazima uvunje kuta zote uweke Cat6, umuulize vizuri kwanza. Cha kuogopa ni kable ya aluminiumu iliyopakwa shaba inje. Kwa macho zinafanana. Kwaruza waya na wembe: ukiona ndani ni mweupe, hiyo si shaba. Mimi nilinunua rola moja ya namna ile, muuzaji akaapa ni shaba safi. Kisha miezi sita, nyaya zilikuwa zinavunjika kwenye vichwa moja moja.

Lakini mwenye abonema ya megabiti 10 ao 20 hana sababu ya kugusa kable zake, ikiwa zinashika vizuri. Hata mfumo wa zamani unapita mara tano ile anayolipa. Pesa aiweke kwenye betri, kwani SNEL ikikata moto, modemu inazimika na spidi ni sifuri kwa wote.

Kubadilisha kunafaa anayelipa zaidi ya megabiti 100, na nyumba ambamo mashine zinatumiana kazi zenyewe: mpiga video wa ndoa, studio ndogo. Video ya gigaokteti 20 inachukua karibu nusu saa kwenye mfumo wa zamani. Kwenye gigabiti ni dakika tatu hivi, kama diski inafuata, na hapo hata intaneti haihitajiki.

Nisichokielewa ni kuuza spidi bila kuangalia swichi ya mteja. Anayeleta modemu angesoma mstari mmoja kwenye ordinateri, 100/100 ao 1000/1000. Ni dakika mbili. Mpangaji ndiye anaumia zaidi: ukuta si wake, na akihama kable inabaki kwa mwenye nyumba. Kwake ni heri kuipitisha juu ya ukuta, ndani ya mfereji wa plastiki, apate kuondoka nayo.

Na kama lupango iko na nyumba mbili, usipitishe kable ya shaba hewani katikati yao. Mvua zikianza, radi inaingia kwa njia hiyo na kuchoma swichi pamoja na mashine. Fasi ile weka fibre: kioo hakipitishi umeme.