Kabla ya Miwani ya VR, Mpigie Mtoto Simu

Wasee, kuna hii stori imeshika siku hizi: eti mtoto wa Mwanda, huko juu kwenye ukungu wa milima ya Taita, avalishwe miwani ya VR afundishwe hesabu na mwalimu aliye Nairobi au London. Inasikika poa. Mimi napinga, na si ushamba. Miwani hiyo nimeivaa. Nilitembea ndani ya piramidi nikiwa nimekaa kwa kiti cha plastiki Voi, na nilipiga nduru.

Lakini hesabu ni kalamu na daftari. Ukivaa hiyo kitu, daftari linapotea. (Najua, zingine zina kamera za kukuonyesha nje. Jaribu kupiga mstari wa rula nazo kwanza.) Mwalimu naye anaona katuni yako ikipunga mkono, haoni umefuta mara ngapi.

Binamu yangu yuko Gredi ya 8 Mwanda. Juzi alinipigia na kabambe ya mamake: nusu jumlisha theluthi, amepata mbili kwa tano. Nikamwuliza, umefikaje hapo? Kimya. Halafu: "Nimejumlisha za juu, nikajumlisha za chini." Sasa nikamwuliza, ukigawiwa chapati, ipi kubwa, nusu ama mbili kwa tano? Akafikiria. "Ai, kwani nimeongezewa ikapungua?" Akacheka mwenyewe. Dakika kumi na moja, kredo ya shilingi chache.

Na si familia yetu tu. Shule zilipofungwa 2020 kwa sababu ya Korona, Botswana walijaribu kutuma hesabu kwa SMS, na watoto wengine wakaongezewa simu ya mwalimu ya kama dakika 20 kila wiki. Waliopigiwa walisonga mbele. SMS peke yake haikufanya maajabu. Matokeo yalichapishwa 2022, na jaribio likarudiwa nchi zingine tano, Kenya ikiwemo. Kilichofanya kazi ni mtu kuuliza na kusikiliza jibu.

Sasa piga hesabu ya pesa. Meta Quest 3S ilitoka 2024 kwa dola 299, kama elfu 38 zetu kabla ya ushuru. Mwalimu wa mafunzo ya kazi sekondari ya msingi amekuwa akilipwa elfu 20 kwa mwezi, kabla ya makato. Miwani moja inakula karibu miezi miwili ya mwalimu mzima, na bado inataka stima, bando na fundi.

Hizi vitu pia hufa. Google Expeditions, ile ya kupeleka madarasa safari za VR, ilianza 2015, ikazimwa 2021. Mwaka huohuo mradi wa Loon ulifungwa, yale mabaluni yaliyoanza kuturushia intaneti Kenya Julai 2020. Aliyezima hakuuliza mtu Mwanda.

Nakubali kitu kimoja: jometri ya pande tatu ya Kidato cha Nne, pale unatafuta pembe kati ya mstari na bapa, VR ingenisaidia sana. Wekeni miwani mbili maktaba ya kaunti, tushukuru. Lakini msiiite tuisheni.

Hii si mchezo kwa binamu yangu. Mwaka 2025 serikali iligeuka ikasema hesabu ni lazima sekondari pevu, kwa hivyo hana pa kutorokea.

Ametuma SMS sasa hivi: "Theluthi toa robo ni moja chini ya ngapi?" Ngojeni nimpigie.