Ukija Tanzania, Teremka Kusini

Kwako wewe unayepanga kuizuru Tanzania, uwe unatokea Nairobi, Kampala, Bukavu, Bujumbura au Muscat, na kwako pia uliyezaliwa Mwanza au Moshi na hujawahi kuvuka mto Rufiji: nina ombi moja. Safari hii, teremka kusini.

Siwazuii watu kwenda kaskazini. Kilimanjaro ina mita 5,895 na hakuna mlima mwingine Afrika unaoufikia. Nyumbu wa Serengeti hawahitaji kupigiwa debe, kreta ya Ngorongoro vilevile, na Mji Mkongwe wa Unguja umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Mwenye nafasi aende, atashangaa na atashukuru. Lakini nchi hii ina kilomita za mraba zipatazo 945,000, sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61, na makabila yake yanazidi 120. Aliyeishia Arusha na Unguja ameonja tu, hajala.

Kusini iliachwa nyuma na wasafiri kwa sababu inayoeleweka: njia. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa pantoni, na masika yakianza, mabasi ya Lindi na Mtwara yalikuwa yakilala matopeni. Abiria walibeba chakula cha siku kadhaa, na wengine walijifungua njiani. Ndiyo maana hata Mtanzania wa kawaida alizoea kuitaja mikoa hiyo kama mahali pa kupangiwa kazi, si mahali pa kutembelea. Siku hizi kuna lami. Basi linaloondoka Dar es Salaam alfajiri huingia Mtwara mchana au jioni ya siku hiyo hiyo. Njia imefunguka, ila mazoea yetu bado yako kule kule kwenye pantoni.

Anzia Kilwa. Ukishapita Kibiti na Ikwiriri unaliona daraja lenyewe, karibu kilomita nzima juu ya maji ya kahawia. Somanga, basi likisimama, madirishani hujaa samaki wa kukaanga na korosho. Nunua. Ukifika Nangurukuru acha barabara kuu, kamata ile ya kushoto inayoelekea baharini hadi Kilwa Masoko, na hapo uulize ofisi inayosimamia magofu. Utalipa kiingilio, utapewa kibali na kiongozi wa wageni, kisha mtashuka gatini kupanda mashua. Kisiwa kiko pale mbele, unakiona ukiwa umesimama nchi kavu.

Hicho ndicho Kilwa Kisiwani, na ningependa kila mtoto anayesoma Kiswahili akanyage pale angalau mara moja kabla hajamaliza shule. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu mji huu kuwa miongoni mwa miji mizuri aliyoiona. Sultani wake wakati huo, al-Hasan bin Sulaiman, alisifika kwa ukarimu. Dhahabu kutoka bara, upande wa Zimbabwe ya leo, ilishushwa Sofala na biashara yake ikawa mikononi mwa Kilwa. Mji ulipiga sarafu zake wenyewe za shaba zenye majina ya masultani, na chache kati ya hizo ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko? Wataalamu wanabishana hadi leo.

Ingia kwenye Msikiti Mkuu taratibu. Sehemu yake kongwe ni ya karne ya 11 au ya 12, na ukumbi wenye kuba uliongezwa baadaye, Kilwa ilipokuwa imenona kwa dhahabu. Tazama juu. Kuba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa papo hapo, na ukizitazama kwa karibu unaona mishipa ya tumbawe lenyewe ndani ya jiwe. Nguzo zake zina pembe nane zilizochongwa kwa ustadi ambao fundi wa leo angeufanyia kazi kwa jasho. Halafu tembea hadi Husuni Kubwa, kasri lililokaa juu ya mwamba likitazamana na bahari. Lilikuwa na vyumba zaidi ya mia, na bwawa lake la pembe nane bado lipo, limekauka, limezungukwa na kuta zilizobomoka. Mtu aliyelijenga alitaka kukaa pale na kuziona jahazi zikiingia.

Njiani utakanyaga vigae. Vingine ni vya vyungu vya hapa hapa, vingine vyenye rangi ya kijani au buluu vilitoka Uajemi na China. Nakuomba, usiokote hata kimoja. Kigae kikiwa pale mchangani kinamwambia mtafiti kilianguka wapi na pamoja na nini. Kikiwa kabatini kwako hakisemi kitu. Kiongozi wako atakukumbusha jambo hili, naye msikilize. Vijana wanaofanya kazi hiyo Kilwa wanaijua historia ya kila ukuta, na wengi wao siku hupita bila mgeni hata mmoja.

Magofu haya pamoja na yale ya Songo Mnara yaliandikwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini: mawimbi yalikuwa yanakula ufuo, kuta zinaanguka, mizizi ya miti inapasua mawe. Ilichukua miaka 10 ya kukarabati, na wakazi wa kisiwani walishiriki, hadi mwaka 2014 yakatolewa kwenye orodha hiyo. Kazi ile haikuisha siku ile. Mawe yanahitaji chokaa kila mwaka, ufuo unahitaji mikoko, na watu wanaoishi jirani na magofu wanahitaji kuona kwamba urithi huu unaleta ada ya shule na dawa, si mabango tu. Mgeni anayelala Kilwa Masoko usiku mmoja, akala kwa mama lishe na kumlipa kiongozi wake vizuri, anasaidia jambo hilo kuliko hotuba nyingi.

Kutoka Kilwa shika njia ya Lindi. Bara ya mkoa huu kuna kilima kiitwacho Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, na aliyesimamia wachimbaji wenyeji ni mtu aitwaye Boheti bin Amrani, jina ambalo lingestahili kuwamo katika vitabu vyetu vya darasani. Mamia ya vibarua walichimba, wakafunga mifupa, wakaibeba mabegani na vichwani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama waliopatikana ameunganishwa akasimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, kimo chake kinapita mita 13, na watu hupanga foleni kumtazama. Tendaguru kwenyewe utakuta pori na kilima. Hata hivyo ni jambo la maana mtu wa Afrika Mashariki aliyemwona mnyama huyo Berlin, au aliyemwona kwenye picha tu, ajue alitoka wapi na nani alimbeba.

Mtwara nitaipitia haraka, si kwa sababu haina kitu. Mikindani ni mji mdogo wa mawe wenye ghuba iliyotulia, na mpelelezi Livingstone aliondokea hapo mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho. Newala, juu ya uwanda wa Makonde, kuna mahali paitwapo Shimo la Mungu ambapo ardhi inakatika ghafla na bonde la Ruvuma linafunguka chini yako, ukiitazama Msumbiji. Ukibahatika kukuta ngoma ya sindimba, kaa hadi iishe. Ukinunua kinyago cha mpingo, mlipe mchongaji thamani ya kazi yake. Mti ule hukua polepole mno, na mkono wa fundi nao haukujifunza kwa siku moja.

Kutoka Mtwara unapita Masasi na Tunduru hadi Songea, njia iliyokuwa ya vumbi na sasa ni lami. Hapa ndipo ninapotaka msafiri apunguze mwendo. Mwezi Julai 1905, kwenye vilima vya Umatumbi nyuma ya Kilwa, watu walikataa kulimishwa pamba kwa nguvu, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ndiye aliyewapa maji na moyo wa kusimama pamoja, makabila ambayo kabla ya hapo hayakuwa na jeshi moja. Vita vilisambaa hadi Ungoni, na tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Kingoni Songea. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, naye akanyongwa siku chache baadaye. Leo kuna Makumbusho ya Maji Maji pale pale, na kila Februari watu hukusanyika kukumbuka. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa. Kama mkuu wa nchi ile ameona vema kusafiri hadi pale, sisi ambao babu zetu ndio walionyongwa tunangoja nini?

Panda Njombe, ambako asubuhi unavaa sweta, kisha ingia Iringa. Kilomita chache nje ya mji, kando ya barabara ya Mbeya, kuna Isimila: korongo lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji, na zana za mawe zilizotengenezwa na watu wa kale kabisa bado zimelala pale ardhini. Kalenga kuna fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililopelekwa Ujerumani na kurudishwa mwaka 1954. Ukiwa na siku mbili za ziada na gari la kukodi, nenda Ruaha, hifadhi yenye kilomita za mraba zipatazo 20,000, ambako unaweza kukaa na kundi la tembo mtoni bila magari mengine kukupangia foleni. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, na ni sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni wa ng'ambo. Bei hiyo imewekwa kwa ajili yako, itumie.

Njia ya kurudi ni tamu peke yake. Ilula wanakuuzia nyanya, mlima Kitonga unashuka kwa kona zinazomfanya kila abiria akae macho, halafu bonde la mibuyu, halafu vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vimepangwa kwenye ndoo kandokando ya lami. Barabara inakatiza Mikumi kwa takriban kilomita 50, na abiria wa basi la kawaida, mwenye tiketi ya kawaida, anaona twiga, pundamilia na nyati dirishani. Ukifika Morogoro unaweza kuliacha basi na kumalizia safari kwa treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024.

Mambo machache ya kukusaidia. Safiri kati ya Juni na Oktoba. Epuka Machi hadi Mei, kwani hata lami ina adui zake, na Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Lindi, magari yakakwama pande zote mbili. Ukitoka nchi jirani, chukua hati halali ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, iache kwako. Lala ndani ya chandarua. Pwani ni ya Waislamu wengi: vaa kwa staha, na mwezi wa Ramadhani usile hadharani mchana. Wazee wape shikamoo kabla ya swali lolote, na kabla ya kumpiga mtu picha, mwombe. Kiswahili chako, hata kama ni cha Lubumbashi au cha Mombasa, kitakufungulia mazungumzo ambayo mgeni mwingine hulazimika kutafsiriwa.

Na wewe mwalimu mkuu, wewe mwenyekiti wa kikoba, wewe mzee wa kanisa au imamu unayepanga ziara ya mwaka: mnapokaa kuchagua pa kwenda, itajeni Kilwa, itajeni Songea, itajeni Isimila. Basi moja la wanafunzi likishuka Kilwa Masoko ni kazi kwa nahodha, kwa kiongozi, kwa mpika wali na kwa mwenye nyumba ya wageni. Kwa wazazi ombi ni hilo hilo: likizo ya Juni ikifika, wachukue watoto na mkate tiketi ya kusini.