Mlango Si Nyumba

Ewe mwanafunzi, wako watu wawili wanaokupoteza. Wa kwanza hukuambia kuwa kamusi elezo ya intaneti ni takataka, usiiguse. Wa pili hukuambia kuwa imemaliza kila jambo. Nakili, umpelekee mwalimu. Wote wawili wamekosea, lakini wa pili ana hatari zaidi.

Tumjibu wa kwanza. Wikipedia ilianzishwa mwaka 2001, na ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Mwaka 2005 jarida la Nature liliwapa wataalamu makala 42 za sayansi wazilinganishe na za Encyclopaedia Britannica. Walihesabu, kwa wastani, makosa kama 4 katika kila makala ya Wikipedia, na kama 3 katika Britannica. Wenye Britannica waliipinga hesabu hiyo. Hata hivyo, takataka hailingani hivyo na dhahabu. Mtoto asiye na maktaba karibu atanyimwa chombo hiki kwa haki gani?

Sasa wa pili. Mwaka huo huo wa 2005 iligunduliwa kuwa mtu asiyejitaja alikuwa ameandika humo kwamba John Seigenthaler, mwandishi wa habari wa Marekani, aliwahi kushukiwa katika mauaji ya Rais Kennedy. Ulikuwa uongo mtupu, nao ulikaa miezi kama minne. Mwaka 2009, alipofariki Maurice Jarre, mtunzi wa muziki wa sinema, mwanafunzi mmoja wa Ireland alitia humo maneno ya kubuni, akayaita ya marehemu. Wahariri wa kamusi waliyafuta upesi, lakini magazeti ya nchi kadhaa yalikuwa yamekwisha kuyanakili. Tazama ajabu! Walioaibika zaidi ni watu wazima waliolipwa mshahara ili waulize, nao wakaacha kuuliza.

Basi ufanyeje? Tuseme umepewa kazi juu ya Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza mwaka 1913. Anza na kamusi elezo: itakupa miaka, majina na mahali. Kisha teremka chini ya ukurasa, penye orodha ya marejeo. Hapo ndipo penye hazina. Tafuta vitabu vilivyotajwa. Uliza kilichomo katika Nyaraka za Taifa, Nairobi. Na ukiwa karibu na Kilifi, wasikilize wazee. Neno lisilo na rejeo litilie shaka. Kamusi yenyewe hukiri kwamba haifai kutegemewa kama ushahidi wa mwisho; wewe waitukuza kuliko inavyojitukuza?

Usidhani jambo hili ni la alama za mtihani tu. Uongo ulioandikwa na mmoja na kunakiliwa na mia hugeuka kuwa historia. Babu zetu waliandikwa vibaya na watu ambao hawakujishughulisha kuwauliza. Je, nasi tuwaandike vivyo hivyo, kwa uvivu wetu wenyewe? Mlango umefunguliwa, ingia ndani, usilale kizingitini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.