KONA YA KWAYA: Maiki tuiweke wapi?

Familia zetu zinachanga pesa kidogo kidogo ili kwaya ikarekodi studio, kule Bwera au Kasese mjini. Pesa hizo ni za jasho, na ndugu waliobaki Beni na Butembo watatusikia kwa wimbo huo tu. Basi tuulize habari ya maiki kabla ya kulipa.

Maiki ya mkononi, ile ya jukwaani, inashika mdomo ulio karibu; akina mama wa mstari wa nyuma wanapotea. Kwa kwaya tuombe kondensa, ile inayopata umeme wa volti 48 kutoka kwenye miksa. Chumba kikiwa kidogo, ziwekwe mbili mahali pamoja, moja ielekee kushoto, nyingine kulia, juu kidogo ya vichwa, kama mita 2 mbele yetu. Tusimame nusu duara. Mwenye sauti kali arudi nyuma, mwenye sauti ndogo asogee mbele. Mablanketi ukutani yanapunguza mwangwi. Mvua ikipiga mabati, tungoje.

Turekodi ubeti mmoja kwanza, tusikilize wote: sauti zote nne zipo? Kama moja haipo, tusogeze maiki au watu, tusimwambie mtu apige kelele.

Haya, tuonane mwezi ujao.