Shingo Imevimba? Acha Mchezo!
Wiki hii sina mzaha.

Mshikaji wangu mmoja wa hapa Ngamiani, Tanga, aliumwa jino akapuuza. Karafuu kidogo, maji ya chumvi, basi. Siku ya nne shingo ikavimba, mate hayamezeki, sauti kama ana kiazi cha moto mdomoni. Bibi yake akasema, "Matubwitubwi hayo, mjukuu wangu." Mimi nikampakia kwenye bajaji mpaka hospitali. Wakampasua, usaha ukamwagika. Kapona, lakini chupuchupu!

Kumbe uvimbe wa nje haukwambii kilichomo ndani. Usaha wa shingoni unaweza kushuka mpaka kifuani. Huko Turku, Finland, wagonjwa wa dharura kama huyu hupigwa picha za MRI, mashine ya sumaku na mawimbi ya redio, siyo eksirei. Uvimbe ukionekana umefika nyuma ya koo au kifuani, madaktari wanajua hali ni nzito, pengine atalazwa chumba cha mahututi.

Ila mtu akikosa pumzi, picha haingojwi. Hewa kwanza!

Jamani, jino likiuma, kamwone daktari. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.